Kondo Mlangoni

Wadogo zangu mnaoingia kazini pale kliniki yetu ya uzazi Kismayo, ndoo ya bluu nimewaachia. Ina ufa karibu na mpini. Mkiijaza mpaka juu itawamwagia kwenye viatu, na yaliyomo mara nyingi si maji matupu. Jazeni nusu. Hilo ndilo la kwanza ninalotaka mlijue, na mengine nitayasema pole pole, maana siku hizi sina haraka. Nimestaafu.

Mnacheka. Mimi pia nilicheka. Wastaafu wote niliowahi kuwaona walikuwa na mvi, redio na wajukuu wa kuwatuma dukani. Mimi sina hata mume wa kugombana naye. Lakini mgongo wangu umestaafu, na mgongo ukishaondoka kazini, wewe mwenyewe utabaki pale kufanya nini? Daktari aliniambia nisiinue kitu kizito kuliko birika la chai. Nikamwambia kazi ya msaidizi wa wakunga ni kuinua tu: ndoo, magodoro, wanawake, na nyoyo zao. Akasema nyoyo ruhusa. Basi ndiyo sababu naandika.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na viatu vipya na bangili za plastiki mpaka karibu na kiwiko. Nilikuwa nimelelewa kambini upande wa Kenya, halafu Mombasa kidogo. Shule niliiacha kabla haijaniacha yenyewe. Nikarudi Kismayo na mamangu nikiwa na ndoto moja: kuvaa koti jeupe lenye saa ya kubana kifuani. Kusema kweli nilikuwa nikiiota saa zaidi ya koti.

Mkunga wetu mkuu, Eddo Khadra, alinitazama kutoka viatuni hadi kwenye bangili. Yeye ni Msomali wa hapa hapa mjini, mama wa makamo mwenye sauti ya kuitia mbuzi, na Kiswahili alikiokota kambini. Sote tulimwita eddo, yaani shangazi, hata wale waliomzidi umri.

"Harusi ni ya nani?" akauliza.

"Harusi gani, eddo?"

"Hiyo uliyoijia. Vua hizo. Mtoto akitoka akasikia makelele hayo atarudi ndani."

Bangili zangu zimekaa kwenye dirisha la jikoni mpaka leo, kama hamjazigawana.

Kazi yenyewe alinifundisha kwa mikono. Mpira wa kitandani husuguliwa kwa dawa kutoka kichwani kwenda miguuni, si kinyume chake, ili uchafu usirudi mahali mwanamke atakapolaza uso. Pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto haishikwi kwa mkono ukishaibandika tumboni. Bana kwa sikio, mikono weka nyuma, la sivyo utasikiliza mapigo ya vidole vyako mwenyewe ukampa mtu habari njema zisizo zake. Na ile mashine ya picha, ambayo kina mama huiita tivii, jeli yake hupashwa moto kwanza. Mimi nilikuwa naikalisha chupa kwenye bakuli la maji ya moto. Mwanamke mwenye wasiwasi akimwagiwa kitu cha baridi tumboni, ataogopa kabla hajaambiwa neno.

Mwenye tivii alikuwa Mutua. Hakuwa daktari, lakini kila mtu alimwita Daktari na yeye alichoka kukataa. Alitoka bara, Kenya, na Kiswahili chake kilikuwa cha shule, kimenyooka kama shati la Idi. Alikuwa na moyo mwema kijana yule. Hakuwahi kumgeuzia mwanamke mgongo akasoma picha peke yake. Aliigeuza mashine ili na yeye aone, akamwonyesha kichwa hiki, mguu huu, na huyu anakupungia mkono.

Somo kubwa Eddo Khadra alinipa jikoni, wakati wa chai. Alichukua mfuko mtupu wa unga, akaupuliza ukajaa upepo, akaushika mdomo ukiangalia chini. Akatwaa anjera moja ya moto, ule mkate mwembamba wa kumimina, akaibandika ndani, juu kabisa, kwenye kitako cha mfuko.

"Huu ni mfuko wa uzazi. Anjera ni kondo la nyuma, ndilo linalomlisha mtoto. Hapa juu ndipo mahali pake. Mtoto atoke kwanza, kondo lifuate nyuma. Umeona?"

"Nimeona."

Akaiteremsha anjera mpaka ikaziba mdomo wa mfuko. "Sasa limekaa mlangoni. Mlango ukianza kufunguka, nini kitachanika kwanza?"

Nilikuwa nimeacha kutafuna.

"Damu yake itakuja nyekundu, mbichi, na haiumi," akasema. "Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wamezoea kwamba kibaya huuma. Ukimwona mwanamke ana mimba kubwa na damu isiyouma, mkono wako unakaa wapi?"

"Kwenye... kwenye kumpima njia?"

"Mfukoni!" Mbuzi wote wa mtaa wakasikia. "Mkono mfukoni, Somoe! Ukiingiza kidole chako pale umelichana wewe. Mlaze ubavu wa kushoto, mwekee maji ya mshipa, mfikishe kwa wenye kisu."

Nililishonea joho langu mifuko miwili baada ya siku ile. Nyinyi pia shoneni. Mkono wa mtu mwenye huruma una haraka ya kugusa, na hapa huruma yaweza kuua.

Sasa niwaambie habari za Mwanaheri, maana kila nilichowaambia mpaka hapa kilikuwa njia ya kufikia kwake.

Mwanaheri alikuwa wa kisiwa cha Chovae. Mumewe, Lali, ni fundi wa kukalafati: anaziba nafasi baina ya mbao za vyombo kwa pamba na mafuta ili maji yasiingie. Walikuwa wamehamia Kismayo kwa ajili ya kazi hiyo. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa amekufa kisiwani, kwa hiyo mimba ya pili ilipofika mwezi wa tano walikuja kliniki wote wawili, Lali akiwa bado ana pamba kwenye ndevu.

Mutua alizungusha kifaa chake, akatulia, akazungusha tena. Akamgeuzia Mwanaheri tivii.

"Mtoto mzima. Ila kondo la nyuma liko chini. Limekaribia mlango."

"Limeshuka?" Mwanaheri aliuliza. "Nimebeba maji. Nimebeba ndoo za maji, ndiyo maana?"

"Hapana, mama. Halikushuka. Ndipo liliposhikia tangu mwanzo. Si kosa lako, wala la ndoo."

"Mimi kazi yangu ni kuziba," Lali akasema. "Nionyeshe panapovuja."

Tulicheka sote isipokuwa yeye, maana hakuwa anatania.

Mutua akawaeleza kwamba bado ni mapema, na kwamba mara nyingi mfuko ukikua kondo hupanda nao, kama picha iliyochorwa kwenye puto. Waje tena baadaye. Kwa sasa asibebe mizigo, wasilale kama mume na mke, na akiona tone la damu asingoje hata kuvaa viatu.

Maneno mazuri. Lakini mwanamke aliyeambiwa "huenda" anarudi nyumbani na nini? Mwanaheri alirudi na hofu. Alianza kutembea kama mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Alikuja kliniki siku ambazo si zake, akakaa kwenye benchi karibu na ndoo yangu, eti amepita tu.

"Dada Somoe, nikipiga chafya je?"

"Piga. Halikubandikwa kwa gundi ya shule."

Akacheka, halafu akashika tumbo haraka na kicheko akakimeza. Kumbe hata kucheka alikuwa amejipunguzia.

Alikuwa akiangalia nguo yake ya ndani kila alipoinuka na kila alipoketi. Usiku hakuwa akilala, akipapasa kama pamelowa. Nilimwambia, wasiwasi hutaweza kuufukuza, ila waweza kuupangia saa. Nikamchania leso nyeupe kuukuu vipande vya kuvaa ndani. Uangalie unapotawadha, nikamwambia, kila sala, basi. Baina ya sala na sala, kazi ya kuogopa nipe mimi, mimi nalipwa. Baadaye akanambia ule mpango ulimsaidia kidogo. Alikuwa analala baada ya isha mpaka alfajiri, maana hapakuwa na sala ya kumwamsha. Hilo ndilo jambo moja katika kisa hiki ninalojivunia, na ni kipande cha leso.

Katika kukaa naye pale benchi ndoto yangu nyingine ikazaliwa. Nilimwambia nitajenga nyumba ya kungojea, jirani na hospitali kubwa, kwa wanawake wa visiwani wenye mimba za mashaka. Madirisha ya kijani. Godoro zima kwa kila mtu. Hakuna atakayezalia ndani ya faiba, zile mashua za mashine za visiwani. Mwanaheri akauliza nani atapika. Nikasema yeye.

Picha ya pili, kondo halikupanda. Lilikuwa limeziba mlango wote. Mutua safari hii hakuzungumzia puto. Akamwita Lali ndani.

"Hataweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Nitawaandikia hospitali kubwa, watampasua kabla uchungu haujaanza, na mtoto ana nafasi nzuri. Lakini mnisikilize. Kondo liko mlangoni. Msitoke mjini. Msiende popote."

Lali alitoka uani akapiga simu Chovae kwa mamake, Bi Mwanamkuu. Nilikuwa naanika mipira ya vitanda. Simu ya kisiwani mnajua ilivyo, mtu hupiga kelele kana kwamba anaita kwa mdomo.

"Mama! Daktari asema kondo iko mlangoni! Mlangoni, mama! Tuombee dua!"

Simu ikakatika. Akapiga tena, haikupatikana. Niliyasikia maneno yote kwa masikio yangu na sikuona kasoro. Hata sasa nikiyarudia kichwani ni maneno ya kawaida. Upungufu wake ni neno moja dogo na kiungo chake, "la nyuma", ambalo sisi wa kliniki tulikuwa tumeshaliacha kulitamka kwa mazoea, na Lali alijifunza kwetu.

Asubuhi ya siku ya tatu yake Lali aliingia kliniki bila kuvua viatu.

"Dada Somoe, mke wangu hayupo."

Alikuwa ameshinda na kulala ufuo wa pili kwenye chombo cha watu. Jirani alimwambia kwamba jana yake alikuja mjomba wake Lali, Mzee Athumani, na faiba kutoka Chovae, ametumwa na Bi Mwanamkuu, na Mwanaheri amekwenda naye. Amekwenda kwa hiari. Alikuwa na furaha, alisema jirani. Alifunga kifurushi akawa anaimba.

"Mamako ana nini?" Eddo Khadra akauliza. "Hukumwambia kwamba Mwanaheri asisafiri?"

"Nilimwambia hali yake! Nilimwambia vile vile alivyosema Daktari!"

Kisiwani hakuna kisu wala damu ya kuongeza. Eddo Khadra alichukua sanduku la maji ya mshipa, mimi nikachukua machela na mpira, Lali akabaki kukusanya watu wa kutoa damu, na faiba ya kliniki ikatutoa asubuhi ile ile. Chovae ni mbali. Njia nzima Eddo Khadra alikuwa ameweka mikono mfukoni, na nilipoona hivyo nikajua anaogopa.

Uani kwa Bi Mwanamkuu tulikuta mikeka imetandikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mitungi yote imejazwa maji. Sufuria la harusi liko motoni, wali, na wanawake wa jirani wanachambua samaki wakavu kwa wingi usio wa nyumba moja. Bi Mwanamkuu alikuja mbio akatushika mikono. Ni mwanamke mrefu, mkavu, na macho yake yalitupita yakaangalia nyuma yetu kwenye njia ya ufuoni.

"Mmepona? Alhamdulillahi. Mbona mmekuja wawili? Wachu wengine wako wapi?"

"Watu gani, bibi?" nikasema.

"Wanaokimbia. Nimepika. Lali wangu umemwacha wapi? Wameshaingia mjini?"

Eddo Khadra alinigeukia akidhani hajaelewa Kiswahili. Nami nilikuwa sijaelewa.

"Nani anakimbia, bibi?"

"We mwana, si kondo? Lali mwenyewe alinambia, kondo iko mlangoni, tuombee. Simu ikakatika nikasema basi, wameshapigwa." Akaweka mkono shingoni. "Ule mwaka wa kondo mimi nilikuwa Kismayo. Wachu walinambia toka, nikasema ningoje kupambazuke. Walikuja mlangoni mwangu kabla ya kupambazuka. Nilikuwa na wana watatu, nikatoka na Lali mgongoni. Safari hii sikungoja. Nilimwambia kakangu, nenda kanitolee mkaza mwanangu mwenye mimba, Lali mwanamume atakuja kwa miguu yake."

Ndipo nilipofahamu. Kwa wazee wetu wa visiwani, kondo ni vita. Mimi nililelewa kambini na Mombasa, kondo nililijua la tumboni tu. Ni neno lile lile, na baina yangu na yule mama ilipita bahari nzima ya watu waliokimbia.

"Bibi," nikasema, "hakuna vita. Mji umetulia. Kondo aliyosema Lali iko tumboni mwa Mwanaheri. Ni ile... inayotoka baada ya mtoto. Inayozikwa."

Mkono wake ulishuka kutoka shingoni.

"Zalio?"

"Zalio. Zalio limekaa mlangoni. Hatakiwi kusafiri, hatakiwi kuwa mbali na hospitali."

Bi Mwanamkuu aliketi juu ya mkeka aliowatandikia wakimbizi. Hakulia. Alisema kwa upole kabisa, kama anayemsahihisha mtoto kusoma: "Zalio ni zalio. Kondo ni bunduki. Mbona hapakuwa na mchu wa kunambia zalio?"

Ndani, Mwanaheri alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, na aliponiona akatabasamu.

"Dada Somoe! Na nyinyi mmeifuata dawa?"

"Dawa gani?"

"Ya mama. Mjomba alipokuja alisema, kondo iko mlangoni, dadangu kasema tukutoe. Nikajua mama amesikia na ana kitu cha kufanya. Nikamuuliza, mjomba, itakuwa salama? Akasema usijali, kwetu Chovae kondo haifiki." Akashusha sauti. "Nimelala njia nzima, dada. Mara ya kwanza tangu picha ile. Hata leso sikuangalia."

Walikuwa wamesafiri faiba moja tangu Kismayo, yeye na mjomba wa mumewe, wakisema neno moja na kukubaliana nalo, kila mmoja akimfariji mwenziwe kwa jambo ambalo mwenziwe hakulisema.

Nikamuuliza, na sasa leso je? Akaitoa chini ya mto. Ilikuwa nyekundu, mbichi. "Tangu alfajiri," akasema. "Haiumi."

Eddo Khadra alimlaza ubavu wa kushoto, akapata mshipa mara moja, akaning'iniza maji kwenye boriti juu ya kitanda. Hakumgusa kwingine. Wanawake wa jirani walimwambia, wewe mkunga, si utie mkono uone? Akawajibu kwa Kisomali, wote wakaelewa, wakanyamaza. Bi Mwanamkuu alichomoa kuni chini ya sufuria la harusi akauzima moto, akatwaa buibui lake. Hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

Katika faiba alikipakata kichwa cha Mwanaheri. Mimi nilishikilia chupa juu mpaka mkono ukafa ganzi, nikabadilisha mkono. Damu ilikuwa inakuja na kusita, inakuja na kusita. Kila iliposita Mwanaheri alinitazama kwa matumaini, nami nikamtazama vile vile, na hiyo pia ni kazi, wadogo zangu, mjue hivyo. Inachosha kuliko chupa.

"Mama," akasema, "basi dawa haikuwepo?"

Bi Mwanamkuu alimpangusa uso kwa ncha ya buibui. "Nilikuwa nayo, mwanangu. Ilikuwa ya ugonjwa mwingine."

"Nilifurahi uliponiita."

"Najua."

"Usimwambie Lali ni neno lake."

Kismayo maji yalikuwa yamekupwa, faiba haikuweza kusogea karibu. Tulishuka na machela, maji ya kiunoni, mimi na Eddo Khadra na wanaume wawili wa gati. Hapo kwenye mawe ndipo mguu wangu ulipoteleza, na badala ya kuachia nikashika kwa mgongo. Nilisikia kitu ndani yake kikilia kama ukuti mkavu. Mgongo ninaowasimulia kwamba umestaafu, niliuacha pale siku ile. Yaliyofuata yalikuwa kujikongoja tu.

Lali alikuwa amesimama mlangoni mwa hospitali na mafundi wenzake wa kukalafati, mikono ya mashati yote imekunjwa, wote wananuka mafuta ya vyombo. Walitoa damu mpaka wengine wakalazwa kwenye sakafu. Wenye kisu walifanya walichoweza. Mtoto wa kike alitolewa akiwa wa rangi mbaya, wakamsugua, akalia. Mamake alimsikia akilia; muuguzi aliniapia kwamba aligeuza kichwa. Lakini damu iliyoingia haikuifikia iliyotoka. Mwanaheri alifariki kabla ya magharibi.

Lali hakuuliza, na hakuna aliyemwambia kitu. Bi Mwanamkuu alilichukua neno lile akalifanya lake: kila aliyekuja kutoa pole alimwambia, mimi ndiye niliyemwita.

Muuguzi alitoka na ndoo iliyofunikwa kwenda nayo kwenye tanuri la hospitali. Bi Mwanamkuu akainuka kwenye benchi akamzuia njia.

"Hiyo ni nini?"

"Kondo la nyuma, bibi. Tunachoma."

"Nipe," akasema. "Nipe kondo yangu niizike mwenyewe."

Muuguzi alinitazama. Nikampokea ndoo, nikampa bibi.

Mwanaheri alirudishwa Chovae, na sisi tulikwenda naye. Wanaume walimchukua kwenda makaburini; sisi wanawake tulibaki uani, ambako mikeka ilikuwa bado imetandikwa na sasa ilikuwa imepata watu wake. Bi Mwanamkuu alichimba karibu na ukuta wa jikoni, mahali lilipozikwa zalio la Lali na la wale nduguze wawili. Hakutaka kusaidiwa. Alitia chumvi, akalitia zalio, akafukia, akapiga udongo kwa kiganja. Mtoto alikuwa analia mikononi mwangu, anatafuta ziwa kwenye joho langu, kwenye ile mifuko niliyoshona.

"Miaka yote nilikuwa naingoja ije tena," akasema, bado amepiga magoti. "Sikujua itaingilia wapi."

Nimewaandikia haya si ili mlie. Kulia mtalia tu, kazi yenyewe itawatosheleza. Nimewaandikia ili mjue kwa nini pale kliniki hatumalizi picha mpaka tumuulize mwanamke: kwenu mwaitaje? Halafu tunaliweka neno lake mdomoni mwetu, tukampa aturudishie yeye na mumewe, na atakayepigiwa simu tunampigia pamoja. Msiseme hii ni shughuli ya bure kwa sababu wote ni Waswahili. Waswahili walikuwa wote. Mutua, Lali, mjomba, mimi.

Siku yangu ya mwisho alikuja msichana kutoka kisiwa cha Kudhaa, mimba yake ya kwanza, na mamake. Nilikuwa nimeshaambiwa niketi tu, nisishike kitu. Nikamwona Mutua ameitoa chupa ya jeli kwenye bakuli la maji ya moto, akaijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wake. Alizungusha, akatulia, akazungusha tena. Akamgeuzia tivii.

"Mama, kile kinachotoka baada ya mtoto, kikazikwa, kwenu mwakiitaje?"

Msichana aliona haya akamtazama mamake. "Zalio."

"Basi zalio lako liko chini. Liko karibu na mlango wa kutokea mtoto."

Nilimwona anaelewa. Uso wake ulianguka, mkono ukaenda tumboni, na mamake akasema Ya Rabi na kumshika bega. Walikuwa wanaogopa, wote wawili, jambo moja, na lilikuwa ndilo.

Nikavuta benchi nikaketi kando yake, nikatoa leso nyeupe nianze kuichana.